Mkono hauendeshwi kwa amri tupu: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu gamba la mwendo, ule utepe wa ubongo unaoshuka kutoka utosini hadi karibu na sikio, kila upande, na kutuma amri kwa misuli. Wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, wa kulia unaendesha wa kushoto. Nyuma yake upo utepe mwenzake unaopokea habari za ngozi, misuli na viungo. Tepe hizi mbili haziachi kusemezana.

Daktari akinigonga goti kwa kinyundo, mguu unaruka wenyewe. Ubongo unahusika hapo?

Hauhusiki. Kinyundo kinagonga kano iliyo chini ya pia ya goti, msuli wa paja unavutika ghafla, vihisi vilivyomo ndani yake vinaarifu uti wa mgongo, na amri inarudi kutoka hapohapo. Ubongo huletewa habari mguu ukishapaa.

Mkono ukisukumwa ghafla, hujibu kwa awamu. Jibu la kwanza huja kati ya milisekunde (elfu moja ni sekunde moja) 20 na 45 hivi, nalo ni la uti wa mgongo. La pili huja kati ya 50 na 100, na humo gamba la mwendo limeshatia mkono wake. Hesabu inakubali: habari kutoka kwenye kifundo cha mkono hufika ubongoni kwa milisekunde 20 hivi, na amri hutumia nyingine kama 20 kushuka hadi misuli ya kiganja. Ukiambiwa mapema “kaza” au “achia”, jibu la kwanza halibadiliki sana, ila la pili hukua au kufifia kufuata ulichokusudia.

Vidole vikifa ganzi nashindwa kufunga vifungo vya shati, na nguvu ninazo. Kwa nini?

Kwa sababu nguvu bila habari haijui ikome wapi. Unaponyanyua kitu, vidole hubana kuzidi kidogo tu kile kiasi ambacho kingeteleza. Roland Johansson na Göran Westling, wa Umeå nchini Sweden, walilipima jambo hili mwaka 1984. Kitu kikianza kuponyoka hata kidogo sana, vihisi vya ngozi ya ncha za vidole hutoa taarifa, na mbano huongezeka baada ya milisekunde 70 hivi, mara nyingi mwenyewe hujang'amua. Vidole vikichomwa sindano ya ganzi, mtu hubana kupita kiasi, na kitu kikiteleza hashtuki kwa wakati.

Jaribu kwa chupa nyembamba ya maji iliyobaki na maji kidogo. Inyanyue kwa vidole vitupu: haitoi sauti. Vaa glavu nene uinyanyue tena. Mara nyingi utaisikia plastiki ikibonyea, maana ubongo umekosa habari ukaamua kujihami. Kifungo cha shati ni kigumu zaidi, kwa kuwa hukioni vizuri na kila hatua inangoja ngozi iseme “kimeshaingia tunduni”. Ganzi inayorudirudi bila sababu ipeleke hospitali.

Mtu akinitolea mzigo kiganjani, mkono unaruka juu. Nikiutoa mwenyewe, umetulia tuli. Kuna siri gani?

Habari za hisia huchelewa, hivyo ubongo hauzingoji kila mara. Mkono wako mmoja unapoagizwa kunyanyua mzigo ulio kwenye mwingine, ubongo huwa unajua kitakachoupata huo mwingine, na msuli wa mbele wa mkono hulegezwa wakati uleule. Weka chupa ya nusu lita kiganjani, kiwiko nyuzi 90, fumba macho, mwenzio aichukue. Kisha ichukue mwenyewe. Hata mwenzio akihesabu moja, mbili, tatu, kwa kawaida mkono bado huruka: kuujua muda peke yake hakutoshi.

Mama ana kisukari. Mchana anatembea vizuri, umeme ukikatika anayumba. Ni macho?

Mpeni pole. Huenda macho ndiyo yanayomsaidia. Kisukari huanza kuharibu mishipa ya fahamu iliyo mirefu zaidi, ile ya nyayo, na ubongo hufidia kwa kutazama. Mwingereza Ian Waterman alipoteza hisia za mguso na za mkao wa mwili kuanzia shingoni kushuka, mwaka 1971, akiwa na miaka 19. Misuli ilikuwa mizima. Alijifunza upya kutembea kwa kuangalia viungo vyake, lakini taa zikizimika alianguka.

Asimame miguu pamoja, kwanza macho wazi, kisha ayafumbe, nawe ukae karibu umdake. Akiyumba sana baada ya kufumba, aende kliniki apimwe nyayo kwa uzi wa plastiki unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10, na kwa uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde (hezi 128). Kama anatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka, aulizie pia kipimo cha vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuishusha. Tochi iwe kando ya kitanda. Kandambili aziache: zinavuka mguuni bila yeye kujua.

Mkono wa roboti unaoendeshwa na ubongo, nao unahisi?

Unaweza kuhisishwa. Pittsburgh, Marekani, mtu aliyepooza aliendesha mkono wa roboti kwa elektrodi, yaani vipokezi vidogo vya umeme, zilizopandikizwa kwenye gamba la mwendo. Elektrodi nyingine, kwenye ule utepe wa hisia, zilisisimua ubongo kila vidole vya roboti vilipogusa kitu. Matokeo yalichapishwa 2021: muda wa kawaida wa kukamilisha zoezi ulishuka kutoka sekunde 20.9 hadi 10.2. Muda mwingi uliookolewa ni ule wa kuhangaika kukishika kitu.