Kori 16 za mwaka 2017 au kori 8 za juzi, nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi naediti video za harusi na sendofu hapa Mwanza, natumia Premiere Pro, na mara mojamoja narenda michoro ya nyumba kwenye Blender. Kuna jamaa anauza desktopu yenye prosesa ya Threadripper 1950X, kori (yaani vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 16 thredi 32, RAM giga 32. Fundi wangu anasema kwa hela hiyohiyo nichukue mashine ya Ryzen 7 7700, ambayo ina kori 8 tu. Sasa 16 si ni nyingi kuliko 8 jamani? Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni nyingi kaka, ila kwa kazi yako msikilize fundi. Hiyo 1950X ilipotoka Agosti 2017 iliuzwa dola 999 na ilikuwa moto kweli, lakini kori moja ya 7700 inakaribia kufanya kazi ya kori mbili za hiyo ya zamani, kwa hiyo hata ukizitumia zote 16 unakuta zinakabana koo na zile 8. Na Premiere haizitumii zote, ukivuta klipu kwenye taimulaini, ukiweka efekti, ukisubiri programu ifunguke, hapo zinahangaika kori chache tu na zingine zimekaa zinakuangalia, na hayo ndo masaa yako mengi ya siku. Kurenda kwa Blender ndo kunazitumia zote, ila hata huko siku hizi kadi nzuri ya grafiki inaiacha prosesa mbali, yaani hela ya kuongeza iweke kwenye kadi.

Halafu umeme. 1950X ni ya wati 180, 7700 ni ya wati 65, ukirenda usiku kucha LUKU itakwambia. Soketi yake ya TR4, yaani pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, iliishia kwenye Threadripper za 2018, za 2019 zikaja na soketi nyingine, kwa hiyo mazabodi ikifa unaanza kutafuta nyingine ya X399, aina inayoikubali prosesa hiyo, na kuipata ni shughuli. Kwa Windows 11 nayo, 1950X haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika, na Windows 10 walishaacha kuihudumia Oktoba 2025.

Sisemi ni takataka. Mtu wa Linux anayeendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) nyingi kwa pamoja, au anayetaka kadi tatu na diski za kasi za NVMe kwenye boksi moja, hiyo ina leni 64 za PCIe, yaani njia za kuunganishia kadi na diski, na 7700 haifiki huko kabisa. Huyo akiipata kwa bei ya chini sana aichukue, lakini akague. Prosesa itolewe kwenye soketi, umulike tochi kwa pembeni, pini ziko kwenye mazabodi na ni zaidi ya 4,000, hata moja iliyolala utaiona inang'aa tofauti na wenzake. RAM ziwe vijiti vinne, maana prosesa ina chaneli nne za RAM na wauzaji wengi wanaacha viwili tu. Kisha arende Blender nusu saa aangalie joto, na akiona programu inasoma Tctl (namba ya joto la prosesa) 85 asikimbie, kwenye 1950X namba hiyo imeongezewa 27 kwa makusudi, joto lenyewe ni 58. Likipita 68 halisi basi feni ni ndogo au pasta ya kupitishia joto juu ya prosesa imekauka, hapo ashushe bei.