Barua kwa mwanangu: fuata mzigo, mtu mwache

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa furaha, maana umeuliza jambo ninalolipenda. Unasema meneja wa kiwanda chenu cha mawese hapo Kigoma amekuagiza ushuke kila siku kwenye mashine, utazame kazi inavyokwenda, kisha umpelekee mambo ya kuboresha. Unazunguka, wafanyakazi wakikuona wanashika mifagio, na wewe unarudi ofisini na karatasi tupu. Unauliza: "Baba, natazama nini hasa?"

Tazama mzigo. Ukimkazia macho mtu utaona bidii tu, kwa sababu anajua unamtazama. Matunda ya mchikichi hayajui.

Chagua tela moja la mikungu linapoingia getini, ulifuate mpaka mafuta yake yaingie kwenye tenki. Likikaa, kaa nalo. Daftarini andika saa tu: limeingia saa ngapi, limeshushwa saa ngapi, matunda yamenyambuliwa kwenye mikungu saa ngapi, yameanza kuchemshwa saa ngapi, yamekamuliwa saa ngapi. Mwishoni jumlisha muda ambao mkono au mashine ilikuwa inayafanyia matunda hayo kazi yoyote, kisha jumlisha muda ambao yalikaa tu yakingoja zamu yake. Weka hesabu hizo mbili pamoja. Sitashangaa kungoja kukizidi kazi kwa mbali.

Na kwenu kungoja hakuli saa peke yake. Tunda la mchikichi likishavunwa na kuchubuka, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta, na asidi hupanda. Joto la kuchemsha ndilo linalovizima. Kwa hiyo rundo lililolala getini tangu jana linaharibika huku kila mtu kiwandani ana shughuli zake. Mkamuaji hata afanye kazi kwa moyo wote, hawezi kurudisha ubora uliopotea kabla tunda halijamfikia. Lakini mafuta yakipimwa na kukutwa na asidi nyingi, nani anaitwa ofisini? Ni yeye. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu nimewaona watu wazuri wakionewa hivyo.

Kwenye kiwanda cha nyuzi nilichofanyia kazi, kila kiangazi nyuzi zilikuwa zinakatika mno nyakati za mchana, hasa kwenye mashine za kusokotea za upande mmoja wa ukumbi. Ofisini walishahukumu kwamba wasokotaji wa upande ule ni wazembe. Wakahamishwa, wakaletwa wengine, na nyuzi zikazidi kukatika. Nikaomba nisimame pale zamu nzima bila kupewa kazi nyingine. Asubuhi palikuwa shwari. Jua lilipopanda nikaona mlango wa nyuma umeachwa wazi, na ule upepo mkavu wa Septemba unaoujua unapiga moja kwa moja kwenye mashine. Uzi wa pamba unataka unyevu hewani. Hewa ikikauka, uzi hupungua nguvu na kukatika.

Nikamuuliza kijana wa toroli kwa nini mlango haufungwi. Akasema anapita hapo kila mara kufuata bobini tupu, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi. Kwa nini bobini ziwekwe nje? Kwa sababu mahali pake ndani pamejaa makasha ya vipuri vibovu. Kwa nini vipuri havitolewi? Stoo wakanijibu kwamba haviwezi kutoka mpaka vifutwe kwenye vitabu, kuvifuta kunataka saini, na hakuna aliyewahi kuiomba hiyo saini. Watu walikuwa wanaunga nyuzi mpaka vidole vinachubuka, na wengine wamehamishwa kwa aibu, kwa sababu ya saini moja. Iliombwa, makasha yakatoka, bobini zikaingia ndani na mlango ukafungwa. Wasokotaji wakapumua.

Ona, yule kijana wa toroli alikuwa na jibu muda wote. Hakuna aliyekuwa amemfuata pale anapofanyia kazi na kumuuliza.

Utaratibu huu wa kusimama na kutazama ulipata jina kubwa kwa Taiichi Ohno wa kampuni ya magari ya Toyota, kule Japani. Naye alitokea kwenye nyuzi: alianza kazi katika kampuni ya usokotaji ya akina Toyoda, familia iliyoanzisha Toyota, mwaka 1932, akahamia kwenye magari mwaka 1943. Husimuliwa kwamba alikuwa akichora duara la chaki sakafuni, anamsimamisha mhandisi ndani yake na kumwambia atazame. Akirudi baada ya saa kadhaa anamuuliza ameona nini, na jibu likiwa jepesi anamwacha aendelee kusimama. Kwa hiyo meneja wako akikwambia uzunguke, mwombe kwa adabu akuruhusu kusimama. Mzunguko wa haraka unakuonyesha usafi wa sakafu na si zaidi sana.

Ohno alitaja aina saba za upotevu: kuzalisha kuliko inavyohitajika, kungoja, kusafirisha vitu bila sababu, kusindika kupita kiasi, kulundika akiba, kutembea na kuinama kusikoongeza kitu, na kutoa bidhaa mbovu. Hiyo ya kwanza ndiyo aliyoiona mbaya kuliko zote, kwa sababu inazaa nyingine na kuzificha. Tazama wanyambuaji wenu. Kama wanalipwa kwa ndoo, watanyambua mpaka matunda yazidi uwezo wa mapipa ya kuchemshia, na tunda lililonyambuliwa na kuchubuka huharibika upesi kuliko lililobaki kwenye mkungu wake. Hapo kasi yao, ambayo ofisini inasifiwa, inakula mafuta yenu. Sisemi wapunguziwe malipo. Nasema utaratibu wa malipo uangaliwe, tena nao wakiwepo.

Jambo jingine la kuchunguza: nani kiwandani kwenu anaweza kusimamisha kikamulio akiona kuna kasoro, bila kwenda kuomba ruhusa? Sakichi Toyoda, mwanzilishi wa ile kampuni ya usokotaji, alitengeneza kitanda cha kufumia, yaani mashine ya kufuma kitambaa, kile cha mwaka 1924, ambacho kilisimama chenyewe uzi ulipokatika, ili kasoro isiendelee kufumwa ndani ya kitambaa. Mashine yenu haina akili hiyo, basi aliye karibu nayo apewe haki hiyo, na asigombezwe akiitumia.

Sasa adabu zake, mama, na hapa naomba unisikilize sana. Ukifika, salimia. Wazee wa kwenye boila wape shikamoo yao hata kama wewe ndiye msimamizi wao. Waambie wazi kwamba umekuja kufuata matunda na hukuja kumchunguza mtu. Daftari lako lisiwe siri, anayetaka kuona ulichoandika mwonyeshe. Usitoe amri ukiwa umesimama pale, na swali lako la "kwa nini" lisiwe na sauti ya polisi. Mtu akikwambia beleshi limevunjika mpini, mpini upatikane kesho asubuhi, hata kwa fedha yako. Ukiandika tu na kuondoka, hatakwambia tena jambo lolote, na atakuwa na haki.

Zamu ya usiku usiiache. Meneja hayupo, fundi wa umeme yuko nyumbani kwake, na magari yaliyochelewa njiani yanashusha mzigo gizani. Rundo la asubuhi huzaliwa saa hizo.

Ukishapata saa zako, usimpelekee meneja orodha ndefu ya mapendekezo. Mchukue mwende pamoja mpaka getini, mwonyeshe rundo, mpe daftari asome lilifika lini. Na ukimwonyesha, mnyambuaji au mkamuaji awepo, aseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Anza na tela la Jumatatu. Ukimaliza, nitumie zile saa kama zilivyo, hata kama daftari lina madoa ya mafuta, tuzipitie pamoja kwenye simu jioni. Mama yako anakusalimu sana. Shangazi yako anapanda treni kuja huko, atakuletea asali na karanga. Usiache kwenda kumpokea stesheni.

Wako,
Baba