Daktari Anajibu: Je, Binti Yangu Atapasuliwa Kifua Tena?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Binti yangu ana umri wa miaka 16. Alipokuwa mtoto mchanga alipasuliwa moyo nchini India kwa ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao tetralojia ya Fallot, akapata nafuu. Mwaka huu anachoka akipanda ngazi, na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) alichofanyiwa Mombasa kimeonyesha kwamba valvu, yaani kilango cha moyo, ya kuelekea mapafuni inavuja sana. Nimesikia kuna valvu inayopitishwa kwenye mshipa wa paja. Je, itamfaa? Na ni kweli hutokana na nguruwe?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Usidhani kwamba upasuaji wa kwanza uliharibika. Katika ugonjwa huo njia ya damu iendayo mapafuni huwa nyembamba, na mpasuaji anapoipanua, mara nyingi valvu hubaki ikivuja; chumba cha chini cha kulia cha moyo huvumilia mzigo huo kwa miaka mingi huku kikitanuka, na kikiachwa kupita kiasi huenda kisirudi katika hali yake hata valvu ikibadilishwa. Kwa hiyo msichelewe.

Njia uliyoisikia ilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 2000 mjini Paris, Daktari Philipp Bonhoeffer alipomwekea valvu mvulana wa miaka 12 bila kumfungua kifua. Valvu iliyoshonwa ndani ya wavu wa madini hukunjwa juu ya puto, hupitishwa kwa mrija kutoka pajani hadi moyoni daktari akitazama kwa eksirei, kisha puto hujazwa na valvu hufunguka mahali pake.

Kama itamfaa binti yako hutegemea umbo la njia yenyewe. Aliyewekewa mrija bandia utotoni kwa kawaida hufaa. Aliyepanuliwa kwa kiraka huenda njia yake ikawa pana mno kwa valvu ya puto, na kwa wagonjwa hao Marekani iliidhinisha mwaka 2021 valvu iitwayo Harmony, inayojitanua yenyewe. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni mishipa inayoulisha moyo, ambayo kwa baadhi ya watu hupita karibu sana na mahali hapo. Daktari hujaza kwanza puto la majaribio, na mshipa ukibanwa, valvu haiwekwi, kwani kuubana kunaweza kuua. Hapo upasuaji wa kifua ndio salama zaidi.

Kuhusu nguruwe, valvu hazifanani. Zile za puto ni mbili: Melody hutokana na mshipa wa shingo ya ng'ombe, Sapien hutokana na utando wa moyo wa ng'ombe, na Harmony hutokana na utando wa moyo wa nguruwe. Mwulize daktari waziwazi kabla ya tarehe kupangwa, na ikiwa ya nguruwe ndiyo pekee inayomfaa, mwendee sheikh unayemwamini ukiwa na maelezo hayo kamili.

Msipande boti kwenda kwa bingwa wa moyo bila faili la India, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama kilitumika kiraka au mrija; huko atahitaji pia kipimo cha MRI, yaani picha ya moyo kwa mashine ya sumaku. Meno yake yatibiwe mapema, maana vijidudu vya kinywani vinaweza kuishambulia valvu mpya. Na baada ya kuwekewa, akipata homa isiyoeleweka, asipewe dawa ya kuua bakteria kutoka dukani kabla damu yake haijachukuliwa na kuoteshwa maabara.