Usichomeke! Mimi nilichomeka usiku, nikalipa dola 4,180

Mkuu mleta uzi, nimesoma bandiko lako lote la safari yenu kutoka Minnesota na motohomu, yaani gari la kuishi ndani, kwenda kukaa kwenye kambi ya magari Yuma, Arizona, lakini macho yamenigandia kwenye mstari mmoja: "tutafika Yuma kama saa tano usiku, meneja kasema umeme upo, tutachomeka tulale." Hapana. Hamchomeki. Mtalala na taa za betri, mtajifunika mablanketi, mtakula mkate mkavu na blubendi. Maswali yako mengine, friji isiyopoa, mpira wa maji kuganda, kodi ya mwezi, anwani ya kupokelea barua, yote yatasubiri. Hili halisubiri.

Sisi tulikuwa nyie kabisa. Desemba 2021 mama watoto, ambaye ni nesi, alipata mkataba wa wiki 13 Arizona. Nyumba za kupanga msimu ule bei yake ni ya kuuza figo, kwa hiyo nikanunua motohomu ya mtumba, plagi ya ampea 50, tukashuka nayo kutoka Minnesota siku nne. Tukafika usiku, watoto wamelala, mgongo umekufa. Nikaiona nguzo fupi yenye kisanduku cha umeme, nikasukuma plagi ikaingia, nikawasha breka, ile swichi ya kisandukuni inayokata umeme. Saa ya mikrowevu ikawaka. Nikajiona fundi.

Mama watoto akaweka birika la chai. Dakika ya kwanza kimya. Dakika ya pili kimya. Birika halivumi hata kidogo. Huku sebuleni feni inazunguka kama inataka kuruka na bati. Nikasema labda birika limekufa. Halafu TV ikalia "pa!", ikafuata harufu ile ya plastiki inayoungua, kisha moshi mwembamba ukatoka chini ya kitanda, pale inapokaa konvata ya kuchaji betri. Na mimi, msomi wa kwetu, nikaanza kutafuta ndoo ya maji. Maji kwenye umeme! Mke wangu ndiye aliyekimbia nje kuzima breka.

Jirani, mzee wa Kanada, fundi umeme mstaafu, akaja na pajama zake na maltimita, kile kifaa cha kupimia volti. Akaniambia tuzime kila kitu, tuwashe breka kidogo tu apime soketi za ndani. Upande mmoja wa gari volti 176. Upande wa pili 64. Akazima, akaniuliza: "Ukijumlisha unapata ngapi?" Unapata 240. Somo langu la hesabu lilianza hapo, na ada nililipa baadaye.

Sikiliza vizuri, maana hakuna aliyenieleza. Plagi ya ampea 50 ina waya nne: laini mbili zinazoleta umeme, nyutro ya kuurudisha, na athi ya usalama. Kati ya laini na laini kuna volti 240. Kati ya kila laini na nyutro kuna 120, na vitu vyako karibu vyote vinakula hiyo 120. Nyutro ndiyo inayowagawia pande mbili haki sawa. Ikikatika au ikilegea, zile pande mbili zinagombania 240 peke yao kama ndugu kwenye mirathi bila msimamizi. Upande wenye mzigo mkubwa unashuka, upande wenye mzigo mdogo unapanda. Birika letu lilikuwa mzigo mkubwa, likapata nusu ya volti, yaani robo ya moto wake, ndiyo maana halikuvuma. Kilichokosekana kwenye birika kikaenda kuua TV. Tulikuwa tunaiua TV kwa kupika chai, mkuu.

Usiniambie breka ingekata. Breka inahesabu ampea, haijui volti. Ilikaa pale imetulia kama mlinzi aliyelala huku nyumba inaibiwa.

Asubuhi fundi wa pale akafungua kisanduku. Ncha ya nyutro nyeusi kama mkaa. Misimu na misimu ya watu kuchomoa na kuchomeka, halafu lile joto la kiangazi cha jangwani, skrubu ikalegea ikaungua polepole. Ofisini wakanionyesha karatasi niliyosaini bila kusoma: umeme ukiharibu vitu vyako, ni juu yako. Bili sasa: konvata 610, mikrowevu ya kujengewa 450, bodi ya friji 240, bodi mbili za AC 760, TV 300, hoteli siku nne 330, kazi ya fundi 1,340. Na dola 150 za fundi kusimamisha gari tu, kabla hajashika bisibisi. Jumla 4,180. Nayakumbuka haya kuliko tarehe ya ndoa yangu, na kosa hilo nalo nimeshalilipia.

Gadi ya kuzuia haya, kifaa kinachopima umeme na kuukata ukiwa mbaya, ni dola 300 na kitu hadi 400.

Na kinachoniuma ni kwamba niliiulizia! Pale yadi nilimuuliza muuzaji kama gari linahitaji gadi ya umeme. Akacheka, akanipiga begani, akasema hivyo ni vitu vya waoga, akanipa kava la tairi la bure. Kava la tairi! Halafu kuna ndugu yetu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu bado tunakutana misibani, yeye kaishi kwenye motohomu mwaka mzima kwa hiyo ni profesa. Akaniambia: "Umeme wa huku umenyooka, ushamba wa kuogopa umeme uache Dar." Ushamba! Mama yangu Tabata, friji lake la mtumba lina gadi. Umeme ukirudi, taa nyekundu inawaka, na hakuna anayeruhusiwa kugusa mpaka iwe kijani. Nimemcheka yule mama miaka kumi. Nimefika Amerika na digrii yangu, nimechomeka nyumba nzima bila kitu ambacho mama anakiwekea friji lenye samaki wawili.

Hiyo gadi ya motohomu inafanya kilekile cha Tabata. Unaichomeka kwanza kwenye nguzo ikiwa peke yake, inapima waya, inasubiri kama dakika mbili, na kama nyutro haipo au laini zimepishana haikupitishii hata chembe. Volti zikizidi 132 au zikishuka chini ya 104 inakata. Usinunue vile vya bei rahisi vya kuzuia radi tu, vile havikati chochote nyutro ikiondoka. Ifunge na kufuli, inaibiwa.

Mtu atakuja hapa chini aseme maltimita inatosha. Kupima ni lazima: laini kwa laini iwe karibu 240, kila laini kwa nyutro karibu 120, kila laini kwa athi vilevile. Lakini nyutro iliyolegea inaweza kukuonyesha 120 safi wakati hakuna mzigo, halafu ikakuacha saa nane za usiku hita ikiwashwa. Maltimita unaitoa ukaenda kulala, gadi inabaki macho. Na kama hujawahi kushika maltimita, usijifunzie kwenye soketi ya ampea 50 gizani.

Ukikuta gari lako ni ampea 30, hiyo ni volti 120 tu. Wapo mafundi wa majumbani wanaoiona ile soketi wakadhani ni ya mashine ya kukausha nguo, wakaifunga 240. Ukipima ukapata 240 hapo, ondoka.

Friji: kama ni ile inayotumia gesi na umeme, inataka gari likae sawa, na inahitaji usiku mzima kupoa. Weka pima maji ya fundi ujenzi ndani ya friza uone. Mpira wa maji: Yuma siyo Duluth ya Minnesota, hautaganda. Mtakapogandishwa ni njiani mkipitia Flagstaff, kule ni juu mita 2,100, mwage maji kabla. Tangi la choo usiliache wazi, funga valvu mpaka lijae theluthi mbili, vinginevyo maji yanaondoka na vingine vinabaki vinajenga kichuguu, sitaki kueleza zaidi, watu wanakula. Wazee wa pale watakuambia mwende kutibiwa meno Los Algodones, Meksiko, ng'ambo ya mpaka. Jirani yangu alienda, akarudi anacheka na meno mapya, mimi nikiwa nalipia mikrowevu.

Hukusema plagi yako ina meno matatu au manne, yaani ampea 30 au 50. Ipige picha uiweke hapa leo, kabla hamjatoka Minnesota. Na breka ya kwenye nguzo iwe imezimwa kabla plagi yoyote haijaingia, hata ya gadi.