Mama aligoma kula, mi nikamlazimisha

SWALI: Shikamoo dada. Nimemuuguza mama nyumbani miezi minne, kansa ya ini. Wiki ya mwisho akagoma kula kabisa, mi namsogezea kijiko anakaza midomo anageukia ukutani, siku moja nikampandishia sauti. Halafu nimetoka tu kuanika mashuka, narudi ameshakata roho, peke yake. Ndugu wengine wanasema ile mofini, dawa kali ya maumivu aliyokuwa anapewa, ndo ilimmaliza. Kila nikishika kijiko naona ule mdomo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, pole sana.

Nianze na hicho kijiko maana ndo kinachokuuma. Mgonjwa aliyefika pale hafi kwa sababu kaacha kula, anaacha kula kwa sababu mwili unazima, tumbo halitaki tena, mara nyingi hata njaa haisikii, na ukimlazimisha anaweza kupaliwa. Mi mwenyewe sikulijua hilo nilipomuuguza baba, nilimsukumia chakula vilevile mpaka mama mmoja aliyekuwa amemzika mumewe akanishika mkono, akaniambia weka sahani chini, chukua kitambaa kibichi umloweshe midomo. Nikakaa hivyo siku mbili, na baba alikuwa anakifyonza kile kitambaa polepole, macho kafumba. Hakuna daktari aliyekuwa ameniambia, kaniambia mtu aliyeyapitia.

Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi haimalizi mtu, inatuliza maumivu na ile kuhema kwa shida. Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kabla hajawa daktari, alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia mwisho, kule London mwaka 1967, na alisisitiza dawa itolewe kwa saa zake, asisubiriwe mgonjwa mpaka alie. Hayo aliyajua kwa kukaa kando ya vitanda akiwasikiliza wenyewe wanaoumwa.

Kuhusu kuanika mashuka, jamani, waliouguza wengi watakusimulia hivyohivyo, mtu kakesha wiki nzima katoka dakika tano tu basi. Hukumtupa mama yako, mashuka yenyewe yalikuwa yake.

Sasa tafuta mtu aliyewahi kuuguza hadi mwisho, umwambie kisa cha kijiko chote, na ile sauti uliyopandisha usiifiche. Usingizi ukikukatika kabisa mwone mtaalamu wa afya, na ukianza kuwaza bora nawe ufe, nenda leoleo, usiende peke yako.