Udahili wa alama peke yake hubadilisha sura ya chuo
Ndugu yetu wa Malindi ameuliza kama mchanganyiko wa wanafunzi hubaki vilevile chuo kikuu kinapotazama alama peke yake. Haubaki. Jimbo la California, Marekani, lilipiga kura mwaka 1996 kuvizuia vyuo vya umma kuzingatia rangi au kabila, na udahili wa 1998 ulipofanywa chini ya kanuni hiyo, idadi ya wanafunzi weusi na Walatino waliokubaliwa katika kampasi za Berkeley na Los Angeles za Chuo Kikuu cha California ilishuka ghafla. Jimbo la Texas lilishika njia nyingine mwaka 1997: waliomaliza katika asilimia 10 ya juu ya shule yao walihakikishiwa nafasi katika vyuo vya jimbo, hivyo mtoto akapimwa na wenziwe wa shule moja. Naiona njia hiyo kuwa karibu zaidi na haki, ingawa, na hili husahauliwa, inaleta mchanganyiko kwa sababu shule zenyewe zimetengana kirangi kufuata makazi ya watu. Kwetu Lamu, kijana wa Kizingitini mwenye C+ amefikia kiwango cha chini cha kusomea shahada, lakini kozi ya udaktari hushindaniwa kwa alama, na hapo hukutana na aliyesomea penye maabara kamili.