Nzi wa ufukweni mwenye miguu mirefu, msimpulizie dawa

Wadau wa pwani, hasa nyie mnaoanika dagaa huku Mtwara na Lindi, acheni kupulizia dawa kila nzi mnayemuona, kuna mmoja hana habari kabisa na samaki wenu. Ni mdogo, milimita chache tu, kijani cha kung'aa, na hiyo rangi ndo inamponza, maana yule nzi mkubwa anayetaga kwenye samaki wabichi naye anang'aa hivyohivyo. We angalia miguu. Nzi wa samaki ni mnene, ana vinyweleo, anakaa chini chini. Huyu mwingine kasimama juu juu kwenye miguu myembamba, kifua kakiinua, na dume mkia kaukunja chini ya tumbo. Nimemtazama akikamata kijidudu laini kwenye tope, kakibana na mdomo akakikamua mpaka kikanywea, yaani ni mwindaji kabisa.

Dagaa wako mwanikie juu ya kichanja, mfunike na chandarua. Hiyo dawa ya kupulizia maji yakijaa inaenda kulekule kwa kaa na chaza tunaokula.

Sasa wanaotaka kumpiga picha. Nendeni bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi, tafuteni kwenye mawe yenye majani ya kijani au tope pembeni ya mikoko kule Mikindani. Chuchumaa, kivuli chako kisimguse maana akikiona tu karuka, halafu tulia hapohapo, mara nyingi anarudi. Kina mama wanaookota chaza watakushangaa, wasalimie tu.

Kingine, msikurupuke na jina. Programu za simu za kutambua wadudu kwa picha zinapenda kutaja Aphrosylus, jenasi moja ya nzi hawa wa miguu mirefu, ila hao ni wa miamba ya Ulaya na kaskazini mwa Afrika, lava wao (yaani funza wao) wanaishi kwenye mwani na vile vigamba vinavyonata kwenye mawe, maji yakijaa yanawafunika na wanadunda. Picha ya huku kwetu, tuseme ya Msimbati, andika Dolichopodidae inatosha, ndo jina la familia nzima ya nzi wa miguu mirefu, yenyewe ina spishi zaidi ya 7,000, mtaalamu akitaka zaidi atakuuliza. Weka na mahali, tarehe, na kama maji yalikuwa yamekupwa au yanajaa. Na simu iwe kwenye kopo lenye mfuniko, bamvua maji yakigeuka hayasubiri mtu.